Nusa, Baba Spesi

Mwanangu Spesioza,

Shuleni walitufundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Uko hapo chini kijitoni na mama yako, mnaosha vyombo vya kesho. Kutoka hapa upenuni nasikia kokoto zikizunguka ndani ya kibuyu, na kila zinaponyamaza nakusikia wewe ukicheka. Najua unachokicheka. Hii ni mara ya tatu mnakiosha kibuyu kilekile.

Habari za nauli na blanketi sitaziandika, wala za kujihadhari na vijana wa Kibondo wenye pikipiki za mkopo. Mama yako ameshazisema, na kesho atazirudia mpaka gari likate kona. Mimi nataka kukuandikia habari ya kuosha vyombo. Usicheke bado.

Juzi ulikuja hapa nikiwa nachonga mirija ya kunywea pombe, ukakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, ukasema, "Baba, kumbe pale kiwandani kwenye mvinyo wa ndizi miezi ya mwanzo nitakuwa naosha tu. Mapipa, mipira, chupa. Kupika kwenyewe mpaka baadaye." Ulilisema ukitazama vidole vyako. Nikacheka, ukanuna, ukaondoka. Sikukucheka wewe, mwanangu. Nilicheka kwa sababu watu wasiokujua walikuwa wamekupa kazi ileile iliyonishinda mimi nikiwa na umri karibu na wako, na ambayo kwayo niliharibu jina la mtu.

Nitafika huko. Naomba uniache nizunguke kidogo kwanza, maana habari yenyewe nimekaa nayo miaka ishirini na bado haijanizoea.

Unajua pombe ya ndizi inavyotengenezwa, umekulia ndani yake. Tunavundika ndizi shimoni kwenye majani na moshi, tunazimenya, tunazikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa kukamulia, tunachuja, tunatia unga wa mtama uliokaangwa, tunafunika, tunangoja. Watu husifu mkono wa mkamuaji. Babu yako alikuwa akisema mkono hauna kazi yoyote, ndizi inajua inakokwenda na wewe unachotakiwa ni kutoiwekea mtu mwingine njiani. Mtu mwingine, ndivyo alivyouita uchafu. Nilipokuwa mdogo niliamini kweli kuna mtu anaishi ndani ya mtumbwi wetu, mwembamba, mwenye harufu ya siki, na kwamba babu yako akiumwagia maji ya moto na kuusugua kwa majivu anamfukuza mpaka ng'ambo ya kilima. Asubuhi za ukungu nilikuwa nikitazama kule nione kama anarudi. Mpaka leo, ukungu ukishuka kwenye migomba, kuna dakika nashindwa kujizuia kutazama.

Mama yako alipokuja hapa Rungwe Mpya, alikuja na namna yake ya kuosha. Kwao, kama unavyojua, waliingia nchini wakikimbia, akazaliwa kambini, na kambini maji yalikuwa ya foleni. Mtu aliyepanga foleni ya maji hamwagi ovyo. Alikuwa anaanza na maji kidogo ya moto na kokoto ndani ya kibuyu, anatikisa akiimba polepole, anamwaga. Halafu majivu. Halafu maji safi, na kukining'iniza juu ya moshi. Mirija anaisimamisha kwenye sufuria ya maji yanayochemka, anaitoa mmoja mmoja, anaupuliza kila mmoja mpaka asikie pumzi yake inatoka upande wa pili bila kukwama. Na dumu la plastiki, hilo alikuwa na sheria yake. Lioshe, lifunge kifuniko, liweke juani kutwa nzima. Jioni lifungue, utie pua upesi kabla upepo haujaingia. Alisema dumu likipata joto hukueleza lilikotoka, hata kama hukuliuliza.

Nilimpenda kwa hilo. Sikumwambia, wakati ule tulikuwa hatuambiani vitu kama hivyo, lakini nilikuwa nikikaa kwenye ngazi namtazama akifungua madumu jioni, macho ameyafumba, na nikaona nimeoa mtu anayesikia vitu ambavyo mimi sivisikii.

Kisha ukazaliwa wewe.

Siku ya kukutoa nje ilipokaribia, ndugu zangu wote walikuwa wanakuja, na wakwe walikuwa wanakuja na ngobo ya kukubebea. Mama yako alikuwa bado ndani na wewe, haruhusiwi kushika kazi. Kwa hiyo pombe ilikuwa juu yangu peke yangu, na nilitaka iwe nyingi. Nilitaka watu waseme Gervasi amepata mtoto wa kwanza na ng'ambo ya kijito wamesikia. Vyombo havikutosha. Nikaenda Kasulu mnadani, nikanunua dumu la mtumba, jekundu, zuri, kubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo. Sikuuliza lilikuwa la nini, na muuzaji hakuhangaika kuniambia.

Nilifika nyumbani jioni, manyunyu yanaanguka, juisi imeshakamuliwa inangoja. Nililimwagia maji ya kijitoni mara mbili. Nikatia mchanga nikalitikisa kwa nguvu, nikijiona fundi. Siku hizi nimejua kwamba mchanga unalikwaruza dumu kwa ndani, na kwenye mikwaruzo ndiko mtu mwembamba wa babu yako anakojificha, lakini hilo ndilo kosa dogo la siku ile. Nikatia pua. Kulikuwa na harufu. Haikuwa kali. Ilikuwa chungu kidogo, mbali, kama unapopita kando ya shamba la tumbaku limepigwa dawa juzi. Nilisimama pale na dumu mkononi, manyunyu yananilowesha shingo, nikajiambia ni harufu ya plastiki.

Mama yako akaniita kutoka ndani. "Baba Spesi, lile jekundu umelioshaje?"

"Nimeliosha."

"Umelifunga juani?"

Na siku hiyo, Spesi, hapakuwa na jua kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa anasikia matone kwenye bati. Nikamjibu, "Nimelifunga."

Akasema, "Ego." Ndiyo, kwa lugha ya kwao. Nimelisikia neno hilo mara nyingi tangu hapo. Aliniamini kwa sababu aliamua kuniamini, na hicho ni kitu mtu anakupa, hukichukui mwenyewe.

Siku ya sherehe nilitoa pombe ya dumu jekundu kwa wazee, kwa kuwa ndiyo ilikuwa imekaa vizuri machoni. Nikaimimina kwenye mtungi, nikapanga mirija. Desturi yetu unaijua: mwenye nyumba anakunywa kwanza, mbele ya macho ya wote, ili waone hakuna kitu ndani. Nikainama, nikavuta. Ulimi wangu ulijua palepale. Utamu ulitangulia, halafu nyuma yake, pembeni ya koo, ile tumbaku ya mbali. Wazee wananitazama. Wakwe wananitazama. Wewe umefunikwa ngobo mpya, umelala. Nikameza, nikafuta midomo, nikamkabidhi mrija baba yangu mkubwa, Mzee Minani, nikasema, "Karibuni, ni salama."

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Sentensi moja tu, watu wangecheka, tungemwaga mtungi, tungeleta mwingine. Nimeisema sentensi hiyo usingizini zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka. Katika ndoto zangu huwa namwagia maji dumu lisilojaa, na watu wote wamekaa kimya wanangoja niseme, nami sikumbuki neno lenyewe linaanzaje.

Kabla ya machweo wazee wanne walikuwa wanatapika. Mimi nilitapika pia, nyuma ya migomba, nikafukia kwa mguu kama paka. Mzee Minani alivimba ulimi, akatetemeka, wakambeba kwenye baiskeli hadi zahanati, akalala huko siku sita. Hakufa. Namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapomwona akipita na fimbo yake, ingawa yeye hasimami kunisalimia.

Siku ya saba tukaitwa kikao cha ukoo. Walikaa hapahapa uani. Shangazi yangu ndiye aliyeuliza, na hakuuliza kwa ubaya. "Vyombo viliosha nani?"

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na wewe mgongoni. Aligeuka akanitazama mimi, na sikuona hasira machoni mwake. Alikuwa anangoja tu, kama anavyongoja maji yachemke.

Nikasema, "Vyombo ni mambo ya wanawake."

Basi, mwanangu. Sikudanganya hata neno moja, ukipenda kunitetea. Vyombo ni mambo ya wanawake, kila mtu anajua. Nilichukua jambo la kweli nikajificha nyuma yake, na yeye akabaki uwanjani peke yake. Kuna mtu akasema, "Si mnaona, wa kambini huyu, hatuijui mikono yake." Mwingine akanong'ona neno la kuroga. Babu yako alikuwa ameshafariki, na leo nafikiri angekuwapo angeniuliza mimi.

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo aliyepokea mrija kutoka mkononi mwa mama yako. Hawakumfukuza, hawakumtukana. Wanakuja misibani na harusini, wanakula ugali wake maana moto umeupitia, lakini pombe wanapokea kwangu. Umekua ukiona hivyo ukadhani ni kwa sababu mimi ndiye mwenye nyumba. Mzee Minani huja na mrija wake mwenyewe ndani ya koti, nawe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimcheka na kumwita mzee wa filimbi. Mama yako alikuwa akikukanya. Mimi nilikuwa nikicheka pamoja nawe.

Na tangu siku hiyo anaosha mara tatu. Ulimuuliza ukiwa darasa la kwanza, nakumbuka, nilikuwa nafunga mkungu. "Mama, kwa nini mara tatu?" Akakujibu, "Ya kwanza naosha uchafu, ya pili naosha majivu, ya tatu naosha maneno." Ukalifurahia jibu hilo, ukaenda nalo shuleni, ukaimba nalo ukiruka kamba. Mimi niliuacha mkungu ukaanguka. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Hata tukigombana, na unajua tunavyogombana, mama yako akikasirika hata kuku wanahama uani, hilo hakuwahi kuligusa.

Ila kuna kitu anakifanya. Kila akimaliza kuosha analeta chombo hapa nilipo, kikiwa bado kina joto la jua, anafungua kifuniko mbele ya uso wangu na kusema, "Nusa, baba Spesi." Miaka ishirini. Wewe na wadogo zako mnaona ni utani wa watu wazima, na mwaka jana uliniambia unatamani mume atakayekunusia madumu. Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Sijui hata sasa ni nini anachoniambia. Kuna siku nasikia lawama. Kuna siku, jua likiwa limelala kwenye kilima na harufu ya moshi imetulia, nasikia kwamba ananipa nafasi, na kwamba anaweza kunipa nafasi hiyo mpaka tuzeeke. Nanusa, nasema, "Safi." Anasema, "Ego." Anaondoka na chombo chake.

Lile dumu jekundu nililifukia kwenye migomba, upande wa chini, penye mgomba ule usiozaa vizuri. Kila masika naenda kutazama kama mvua imelifukua. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, nami nimekuwa nikiutazama ule mgomba kama mtu anayetazama mlango.

Sasa unakwenda kuosha mapipa ya watu. Watakupa dawa za kuulia vijidudu, zenye harufu ya kuchoma pua, na watakupa glavu. Vaa glavu. Lakini nikuambie nilichojifunza kwa gharama ya mtu mwingine: dawa haiingii chini ya uchafu. Ukiimwaga juu ya kitu kisichosuguliwa, umepamba tu. Sugua kwanza kwa maji ya moto, kwa brashi laini, mpaka mkono wako uone hata kama macho hayaoni. Fungua bomba lililofungwa, maana ndani ya kona ndimo mna habari. Suuza. Dawa ije mwisho, ikutane na chombo kitupu. Nami nilifanya kinyume maisha yangu yote. Nimekuwa baba mzuri juu, mume mpole juu, mtu wa kanisa juu, na chini sikupitisha brashi.

Na siku moja utatia pua kwenye pipa na utasikia kitu, kidogo, mbali. Itakuwa jioni, utakuwa umechoka, bosi atakuwa amesimama na gari la mzigo linaunguruma. Utajisikia unasema ni harufu ya plastiki. Siku hiyo unikumbuke nimesimama kwenye manyunyu na dumu langu zuri. Sema, "Hili bado." Watakununia. Waache wanune, kununa hakupeleki mtu zahanati.

Ukikosea, na utakosea, maana wewe ni mtoto wangu na una haraka zangu, basi sema siku ileile. Kosa likiwa bichi linasuguliwa kwa maji tu. Likikauka ndio unaanza kutafuta mchanga.

Nimeinua macho. Kokoto zimenyamaza. Naona kichwa cha mama yako kinapanda kati ya migomba, na kibuyu juu yake, na wewe nyuma na madumu mawili, maji yanakudondokea mgongoni. Jua linawapiga kwa nyuma hivi kwamba siwezi kusema nani ni nani, na kwa dakika moja nimewaona kama mtu mmoja anayekuja kwangu mara mbili. Macho yangu nayo yamezeeka.

Kesho asubuhi watakuja kukuaga. Ukoo wote, na Mzee Minani na mrija wake kwenye koti. Mtungi nitauweka hapo uani, palepale palipokaa kikao. Nitakunywa kwanza, kama desturi. Halafu sitamkabidhi mrija baba mkubwa. Nitaushika, nitawaambia nani aliosha dumu la siku ulipotolewa nje, na mrija nitampa mama yako ili yeye ndiye awakaribishe. Akiukataa, nitakuwa nimestahili. Mzee Minani akiondoka, nitamsindikiza mpaka kwake nikiomba radhi njia nzima, na kesho kutwa tena.

Nimeshapanga kusema mara nyingi, Spesi. Nilipanga kwenye ubatizo wako, kwenye komunyo yako ya kwanza, siku matokeo yako ya kidato cha nne yalipotoka. Kila mara nilivuta mrija na ulimi ukalala. Ndiyo maana nimeandika, na ndiyo maana nakupa barua hii leo jua likiwa bado juu, wala siiweki kwenye begi lako uisome Kibondo. Isome sasa hivi, kabla hujala. Ukitaka kuninunia, ninunie, usiku unatosha.

Kesho simama karibu na mama yako. Mimi nikinyoosha mkono na mrija kwa Mzee Minani bila kusema kitu, usiningoje. Fungua karatasi hii mbele yao wote, usome kwa sauti uliyokuwa ukisomea masomo kanisani. Yote ukiona ni ndefu, soma mstari huu peke yake, nimeuandika kwa herufi kubwa usikupotee:

DUMU JEKUNDU NILILIOSHA MIMI, GERVASI, NA HARUFU NILIISIKIA.

Amefika uani. Ametua kibuyu, anakuja nacho huku anakifuta kwa kanga. Naacha kalamu. Anataka ninuse.

Baba yako.